Mwangati wa mlimani na wa shambani: upi una dawa zaidi?

Swali: "Shikamoo daktari. Nipo Lushoto, nina miti kama 40 ya mwangati (wengine wanaita mtarakwa) niliyopanda 2016 pembeni ya shamba la mboga, inapata maji ya mfereji na samadi kila msimu. Mama yangu ana miaka 63, anatumia dawa za presha, na kila siku anakunywa maji ya majani ya mwangati, anasema yanasafisha figo. Ila ya kwangu hataki, anataka aletewe ya kule juu Shume, eti ule mti umeteseka na baridi ndo una dawa kali. Mimi nilitaka nianze kuuza majani makavu na mafuta, na nimesoma mtandaoni kwamba junipa ikikua sehemu ngumu inakuwa na antioksidanti nyingi. Je nikate maji na mbolea ili miti iwe na nguvu? Na matunda yake ndo hayahaya wanayouza kwenye vichupa vya viungo kama junipa? Nilijaribu kuanika majani juu ya bati, yakatoka hayana harufu kabisa, nikajua basi miti yangu mibovu."

Marahaba. Kwanza tuelewane, mimi ni daktari wa makaratasi, kazi yangu ni kemia ya mimea, sichomi mtu sindano. Kwa hiyo habari ya mama nitaigusa, tena nitaigusa kwa nguvu, ila atakayemaliza ni mtu wa kliniki.

Naanzia kwenye bati maana hapo ndo ulipoihukumu miti bila kosa. Leo jioni kata kijitawi kibichi cha mti wako, kifikiche katikati ya vidole halafu nusa. Kama kinatoa ile harufu ya penseli mpya iliyochongwa ikichanganyika na utomvu, mti wako hauna ugonjwa wowote. Majani ya mwangati ukiyaangalia kwa karibu siyo majani kama ya mchicha, ni vigamba vidogo vimelaliana kwenye kijiti kama vigae vya paa, na kila kigamba kina kifuko kidogo cha mafuta mgongoni. Yale mafuta ni mepesi mno, hayasubiri kuchemka ndo yaondoke, yanaondoka taratibu kama maji kwenye nguo iliyo kambani, hata kama hewa haijafika hata robo ya joto la kuchemsha. Sasa bati la saa saba mchana wewe mwenyewe unalijua, huwezi kuweka kiganja. Umekaanga. Harufu iliyokosekana kwenye majani yako iliondoka na upepo, na ukiuliza majirani watakwambia siku hiyo walinukiwa kweli.

Anika kivulini, kwenye chanja au wavu, tabaka jembamba, hewa ipite juu na chini, joto lisizidi nyuzi 40, geuza kila siku. Pima uzito kila asubuhi kwa mizani ya dukani, ukiona siku mbili mfululizo haushuki basi yamekauka, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa na uweke gizani. Nakwambia hivi kwa sababu watu wanabishana miaka nzima mti wa wapi bora halafu nusu ya walichokuwa wanabishania wanaipoteza kwa wiki moja ya kuanika vibaya.

Sasa jina. Junipa siyo mti mmoja, ni ukoo wenye spishi zaidi ya 50, na wako ni Juniperus procera, junipa ya milima ya kwetu, Kikuyu wanaita mutarakwa, Wamasai oltarakwai, unaota kuanzia Zimbabwe na Malawi kupitia Usambara, Meru, Kilimanjaro, nyanda za juu za Kenya na Ethiopia mpaka unavuka bahari unaingia Yemen na Saudia. Junipa ya kwenye vichupa vya viungo, ileile inayoipa jini ladha (jini ya pombe, siyo yule anayetoka kwenye taa), ni Juniperus communis ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Ni ndugu lakini wa matumbo tofauti. Communis hata akiwa mzee majani yake ni sindano za kuchoma, matunda yake yanachukua miaka 2 mpaka 3 kuiva, na mafuta yake yameshasomwa mpaka yakawekewa vipimo kwenye vitabu vya dawa vya Ulaya. Matunda ya mwangati ni madogo, bluu yenye unga wa nta, yanafanana sana ukiyaona, na hapo ndo hatari ilipo, maana kufanana siyo kuwa sawa. Kwa hiyo hapana, usiyauze kama kiungo cha chakula na wala usiweke kwenye nyama. Kwenye ukoo huohuo kuna Juniperus sabina ambayo Ulaya imejulikana kwa karne nyingi kwamba ni sumu na inaharibu mimba, na ukiweka matunda yake pembeni ya mengine mtu wa kawaida hatofautishi.

Hapohapo jihakikishie kwamba ulicho nacho ni mwangati kweli, usicheke, nimeshaletewa gunia zima la saipresi ile ya kutoka Meksiko iliyopandwa kila shule na kila kanisa huku milimani. Angalia tunda: la saipresi ni gumu kama mbao, likikauka linapasuka vipande, la mwangati ni laini ukilibinya, halipasuki. Na kama baadhi ya miti yako 40 haijawahi kuzaa usishangae, kwa kawaida mwangati dume ni mti wake na jike ni mti wake.

Haya tuje kwenye hoja ya mama, maana mama hajakosea kote.

Mti hauna kitu kimoja kinachoitwa "dawa" ambacho kinapanda na kushuka kama mafuta kwenye geji. Una karakana kadhaa, kila moja inatengeneza vitu vyake na inasikiliza amri zake. Mbili ndo zinakuhusu. Ya kwanza inatengeneza flavonoidi na ndugu zake wa kundi la fenoli, hizi ndo watu wanaziita antioksidanti. Kazi yake kubwa kwenye jani ni kama miwani ya jua: zinakaa kwenye ngozi ya jani zinameza mionzi ya UV kabla haijafika ndani kuharibu. Jani likipigwa na jua kali, au likiwa na jua huku kuna baridi, linakuwa limepokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, basi karakana hii inaongeza zamu. Ardhi ikiwa maskini wa naitrojeni pia inaongeza, kwa sababu mti unatengeneza sukari lakini hauna naitrojeni ya kujengea majani mapya, ile sukari iliyobaki inaelekezwa huku. Ufini walishakusanya sindano za junipa yao kutoka kusini mpaka kaskazini kabisa, wakakuta fenoli zinaongezeka kadiri unavyokwenda kaskazini, kule ambako kiangazi ni kifupi, baridi kali na mwanga unakaa karibu saa 24. Kwa hiyo ulichosoma mtandaoni kina ukweli ndani yake.

Karakana ya pili inatengeneza terpeni, yaani ile harufu, alfa-pinini na wenzake kwenye majani na matunda, sedroli kwenye mbao (ndo maana nguzo ya mwangati inakaa ardhini miaka na mchwa wanaipita tu). Hii ni mkaidi. Aina gani ya terpeni mti utengeneze inaamuliwa zaidi na damu yake kuliko mahali ulipo. Unaweza kuwa na miti 2 imesimama mita 3 kutoka kila mmoja, maji yaleyale, jua lilelile, mmoja umejaa alfa-pinini na mwenzake umejaa kitu kingine, sababu kila mche uliotoka kwenye mbegu ni mtoto tofauti. Mazingira yanabadilisha kiasi, hasa joto, maana siku ya joto mti wenyewe unavujisha mafuta hewani hata haujakatwa, ila hayabadilishi sana mapishi. Kwa hiyo swali la "wa wapi" kwenye mafuta ni dogo kuliko swali la "mbegu ilitoka kwa mama gani".

Sasa tupige hesabu ya Shume na kwako. Wewe kama uko mjini Lushoto ni kama mita 1,400 hivi, Shume tuseme ni 1,900. Mionzi ya UV inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa mita 500 ni kama 5. Joto linashuka kama nyuzi 3. Halafu kumbuka ukungu wa huko juu, unaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi umefunika kila kitu, kwa hiyo ile 5 yenyewe huenda inaliwa na ukungu. Na wewe uko karibu na Ikweta, jua lako la kawaida tu la Februari junipa ya Ufini haijawahi kuliota. Ninachokwambia ni kwamba tofauti ya mlima na shamba ipo, ila tofauti ya jani la nje juu linalopigwa na jua na jani la ndani chini lenye kivuli, kwenye mti uleule mmoja, inaweza kuizidi. Anayemletea mama majani sidhani kama anapanda kileleni. Anakata matawi ya chini yanayofikika, ya kivulini, anaweka kwenye salfeti, yanakaa kwenye bodaboda. Mama analipia milima anapata kivuli.

Mwangati pia ukiwa mahali pake sahihi ni mti wa jua na wa juu, asili yake ni kama mita 1,500 mpaka 3,000. Wewe uko pembeni ya mpaka wake wa chini. Oman kule Jabal Akhdar wana ndugu yake, junipa ya mlimani, na inaonekana wazi: juu ya mita 2,400 miti imependeza na inazaa watoto, ukishuka inaanza kukauka matawi na miche haionekani. Yaani ule unaoteseka wa chini, kwa joto na kiu, haujageuka kuwa mganga, umeanza kufa. Mateso nayo yana aina, ya baridi yenye jua ni kitu kimoja, ya ukame na joto ni kitu kingine, usiyaweke kapu moja.

Ndo maana nasema usikate maji. Chukua mfano (namba nazitunga ili uone mantiki tu): mti unaotunzwa unakupa kilo 10 za majani kwa mwaka yenye mafuta asilimia 0.5, hiyo ni gramu 50. Ukautesa, mafuta yakapanda mpaka asilimia 0.6, ukajisifu kwamba umepandisha nguvu, lakini majani yameshuka mpaka kilo 6, umepata gramu 36. Umepandisha ukali kwa kila jani na umepunguza dawa kwenye gunia. Na huo ni mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mti dhaifu unavamiwa na vidukari vya saipresi, wale wadudu walioingia Tanzania 1988 na Kenya 1990 wakakausha saipresi na mwangati pia, na mti wenye kiu hauna jinsi ya kupigana nao.

Ninachoweza kukushauri ni cha katikati. Samadi punguza kwa ile miti iliyo jirani na mboga, yenyewe inakunywa mbolea ya kabichi bure na hiyo naitrojeni inaipeleka kwenye majani mengi mepesi, haihitaji nyongeza. Yurea usiguse kabisa. Maji wape ya kutosha mti usikae na kiu wakati wa kiangazi kirefu, siyo kila wiki. Kivuli ondoa, kama kuna parachichi au grevilea inaifunika, pogoa hiyo grevilea, maana mwangati hautaki kukaa chini ya mtu. Na ukivuna chukua vijitawi vya nje vyenye jua, asubuhi umande ukishakauka ila jua halijawa kali, usizidi sehemu ndogo ya mti mmoja kwa sababu unakua polepole mno na haupendi kuchunwa. Hayo manne yatakupa tofauti kubwa kuliko safari ya Shume.

Ila sasa swali kubwa, hata ukishaongeza hizo flavonoidi, unaongeza kwa ajili ya nani? Kipimo cha antioksidanti kinafanywa kwenye chupa, unachanganya dondoo na kemikali ya rangi unaona rangi inafifia, inapendeza kwa kweli, nimefanya mara nyingi na wanafunzi wanapenda. Tumbo siyo chupa. Sehemu kubwa ya flavonoidi ukiinywa inavunjwavunjwa na utumbo na ini kabla haijafika popote. Na mti haukukaa kule baridini ukiwaza figo za binadamu, unajilinda na jua, wadudu, kuvu na mbuzi. Kinachomkera mbuzi kinaweza kukukera na wewe. Ndugu yake wa Marekani, Juniperus virginiana, majani yake yana podofilotoksini, kitu ambacho kiwandani kinabadilishwa kuwa dawa ya saratani, maana yake ni kwamba kinazuia seli kugawanyika, siyo kitu cha kujipimia kwa kikombe. Kwa hiyo mama anaposema wa juu ni "mkali" mimi nasikia mambo mawili, mazuri na mabaya. Mti ukiongezewa makali hauchagui kuongeza mazuri peke yake.

Na hapa ndo namgusa mama. Hata junipa ya Ulaya ambayo imepimwa vizuri, wanaoidhinisha dawa za mitishamba kule wanairuhusu tu kwa matumizi ya kienyeji, kuongeza mkojo na kupunguza gesi tumboni, kwa muda mfupi kama wiki 2, na wanakataza mwenye ugonjwa mkali wa figo. Haisafishi figo, inazisukuma zifanye kazi zaidi, na mafuta yake yakizidi yanaweza kuziwasha. Mama ana miaka 63, ana presha, na presha yenyewe ndo mharibifu mkubwa wa figo kimyakimya, na baadhi ya dawa za presha ni za kukojosha vilevile, kwa hiyo anaweza kuwa anakojoa dawa mbili kwa wakati mmoja, chumvi za mwili zinayumba, presha inashuka ghafla akisimama kizunguzungu. Na huyu anakunywa kila siku, wa mti ambao haujawekewa dozi.

Usimwambie "acha ujinga wa zamani", hatakusikia na kusema kweli hana ujinga, wazee wake waliujua huu mti kabla yangu. Mwambie tu apumzike kunywa mpaka apime. Nenda naye kliniki yake ya presha, beba na tawi lenyewe kwenye mfuko, mueleze daktari bila kuficha, omba vipimo vya figo: kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Vinafanyika hospitali ya wilaya. Kama ana uvimbe wa miguu, mkojo wenye damu au povu lisiloisha, maumivu ya kiuno, au anakojoa kidogo kuliko kawaida, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke kesho. Vilevile kama nyumbani kuna mjamzito, anayenyonyesha au mtoto mdogo, asipewe kabisa, hata kikombe kimoja cha kifua, na kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kipimwe TB siyo kuchemshiwa majani.

Biashara. Nitakuwa mkweli, majani makavu ya kunywa sikushauri, kwa sababu niliyoyasema juu na kwa sababu ukiyauza kama dawa unahitaji usajili wa tiba asili, na ukiandika tu "inasafisha figo" kwenye pakiti umeshajiingiza matatizoni. Mafuta ya kunukia inawezekana, kwa sabuni na mishumaa, mtambo wake ni kama wa gongo tu ila mvuke unapita kwenye majani, na ukiutazama mara ya kwanza utakata tamaa: gunia zima linakutolea utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, unaukinga kwa uvumilivu. Kwa miti 40 ya miaka hii michache utapata ya kuchezea, siyo ya kuuza. Ukipata, weka kwenye chupa nyeusi ijae mpaka juu, maana alfa-pinini ikikutana na hewa miezi mingi inabadilika inaanza kuwasha ngozi, na usipake bila kuchanganya na mafuta mengine. Msitu wa serikali usiuguse bila kibali cha TFS (wakala wa misitu wa serikali), hata kwa matawi, na huyo anayemletea mama majani ya Shume mkumbushe.

Kinachonivutia mimi kwako ni miche. Una majike na madume, uko sehemu ambayo watu wanakata mwangati kuliko wanavyopanda. Mbegu zake zinaota kwa kusuasua, ila mche mmoja wa mwangati unaotoka kwa mti unaojulikana una mnunuzi.

Kama bado unataka kujua mti upi kati ya 40 una mafuta zaidi, usiniletee gunia. Chagua miti 5, kila mti kata vijitawi vya upande wa jua siku ileile na saa ileile, kausha kivulini, weka gramu 100 kila bahasha ya karatasi, andika namba ya mti na tarehe, na mti wenyewe ufunge kitambaa chenye namba ileile. Peleka SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro au taasisi ya tiba asilia pale Muhimbili, uliza gharama kabla ya kusafiri. Na tafadhali moja ya hizo bahasha ujaze majani ya yule wa Shume, kutoka salfeti ya mama.